Maziko ya Fungu la Mama

Sogeeni, na mwenye haraka aende zake, maana hii siisimulii mbiombio.

Iko nchi inaitwa Yabisi. Iko upande gani, na Mize Kombo alifikaje huko, hayo msiniulize. Alifika, basi, na begi lake begani, akapokewa na watu watatu waliovaa kanzu zilizopigwa pasi mpaka zinakata. Mize ni Mpemba, mwanamke wa miaka arubaini na kitu, na kazi yake ni kupima afya ya bahari. Anazama, anatandika kamba ya mita hamsini juu ya matumbawe, anahesabu samaki wanaopita. Anaweka fremu yake ya mraba chini na kuandika kila kilichomo ndani, kilicho hai na kilichokufa. Ni kazi ya kuumiza mgongo na masikio. Ameifanya miaka kumi na minane, na hapendi kufundishwa.

Barua aliyoitiwa ilikuwa ya adabu kubwa. Ilisema nchi imefiwa, na kwamba kwa sheria ya Yabisi cheti cha maziko lazima kitiwe saini na mtaalamu mgeni. Mize alidhani neno "kufiwa" wamelitia kwa kupamba barua. Kumbe wenzake walimaanisha.

Mlangoni pa Ukumbi wa Baraza alikuta askari wawili wenye karatasi za kukaushia wino. Mmoja akamshika mkono, akambandika karatasi kiganjani, akaitazama kwenye mwanga. Wa pili akambandika nyingine kipajini.

"Mna nini nyinyi?" Mize akauliza. "Mbona mwanipapasa?"

"Tunaangalia unyevu, bibie," akajibu karani wa Baraza, bwana mmoja mwembamba aitwaye Makungu, mwenye daftari kwapani. "Aliyegusa bahari yetu ni mhusika, na mhusika hatoi ushahidi. Huko kwenu mtu hukaa kuamua kesi ya ndugu yake?"

"Hakai."

"Basi ndiyo hiyo hiyo."

Akamweleza pole pole, kama anavyoelezwa mtoto. Mvuvi hasikilizwi. Mkulima wa mwani hasikilizwi. Wanawake wanaokwenda pweza hao ndio kabisa, maana wanashinda majini tangu maji yanapopwa hadi yanapojaa. Mtu akitaka kusema neno juu ya bahari mbele ya Baraza, kwanza akae miaka saba bila kuigusa, ndipo akili yake itulie na upendeleo umtoke.

"Sasa habari za bahari mnazipata kwa nani?" Mize akauliza.

Makungu alimtazama kwa huruma. "Kwa Wakavu," akasema.

Wakavu walikuwa kumi na mmoja, wamekaa nusu duara chini ya mapanga boi yanayozunguka kwa kasi, kwa sababu jasho nalo ni unyevu na mjumbe akitokwa na jasho hupoteza kura yake siku hiyo. Mkubwa wao, Mkavu Mkuu, ni Bwana Kirumbi. Kila akisimama, Makungu husimama kabla yake na kutangaza kwamba huyu ni Bwana Kirumbi ambaye hajaguswa na maji ya bahari kwa miaka hamsini na mmoja. Ukumbi mzima husema, "Salama!" Alikuwa mzee mpole, midomo imempasuka, na alizungumza kwa heshima ambayo Mize, pamoja na hasira zake, hakuweza kuichukia.

Nyuma ya Wakavu kulikuwa na Ukuta. Nao ulikuwa ukuta haswa: urefu wa nyumba mbili, umechorwa bahari yote ya Yabisi, kila fungu la matumbawe mahali pake, kila pango na kila samaki. Ulichorwa na babu zao siku nchi ilipoanzishwa. Kila mwaka Wakavu hupanda ngazi wakiwa na fimbo ndefu, huhesabu samaki wa ukutani mmoja mmoja, wakapata mia nne na kumi na wawili, wakashuka, wakaandika kwamba bahari ni nzima. Miaka tisini na sita wamehesabu hivyo na hawajakosea hata samaki mmoja. Wanajivunia jambo hilo, na ukiwaangalia unaona kweli wamejitahidi.

"Mwaka huu tumepata msiba," akasema Bwana Kirumbi.

Akanyoosha fimbo kwenye pembe ya chini kushoto. Paa lilivuja msimu wa mvua. Ukuta ukaingia maji, rangi ikabanduka vipande vipande, na pale palipokuwa pamechorwa Fungu la Mama pakabaki plasta tupu. Pweza saba, changu thelathini, chewa wanne na matumbawe yao yote, hawapo.

"Wamekufa," akasema Mkavu Mkuu.

Mize akangoja mtu acheke. Hakucheka mtu. Mjumbe mmoja kijana kijana akainua mkono, akasema kwa woga kwamba pengine angeitwa fundi rangi. Lo! Ukumbi ulimgeukia. Mjumbe mwenzake akamuuliza kama kwao maiti hufufuliwa kwa brashi. Mwingine akasema kughushi afya ya bahari ni kosa la jinai. Kijana akakaa, akatokwa na jasho, akapoteza kura.

Kwa sheria ya Yabisi, fungu likifa huzikwa, na kwa heshima zote. Malori kumi na mawili ya mawe yalikuwa yameshapangwa ufukweni. Jumamosi asubuhi, siku ya bamvua, maji yakipwa hadi mwisho, malori yatatembea juu ya mchanga mpaka kwenye Fungu la Mama na kulifunika lote. Kilichosalia ni saini ya mgeni. Walimpenda sana Mize, kwa sababu hakuwahi kuiona bahari yao hata kwa mbali, kwa hiyo hana upendeleo wowote. Kamba yake ya mita hamsini na fremu yake wakavitundika kwenye msumari karibu na Ukuta, watu wavione.

Mize akaomba siku mbili za kufikiri. Akapewa.

Akatoka moja kwa moja hadi ufukweni. Aliyapita yale malori, akasimama mchangani pale maji yanapoishia, asikanyage. Majini, hatua kumi kutoka kwake, alisimama mwanamke mtu mzima, kanga imefungwa kiunoni, maji magotini, fimbo ya chuma mkononi.

"Shikamoo mama!" Mize akapaza sauti.

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe uliyekuja kutuzikia?"

"Nimeitwa kutia saini."

"Basi ingia uone unachokitilia saini. Maji hayaumi."

Huyo alikuwa Bi Mchanga Vuai, mkubwa wa wanawake wanaokwenda pweza. Mize nyayo zilimuwasha. Miaka kumi na minane hajapata kusimama ufukweni bila kuingia, na hapa ameambiwa kuna fungu mbele yake ambalo hajaliona.

"Nikiingia, mama, neno langu halitakuwa na uzito mbele yao. Nitakuwa kama nyinyi."

"Kama sisi! Eti kama sisi. Kwani sisi tumekuwaje?"

"Sikusudii hivyo."

"Umekusudia. Lakini haya, nisikilize hapo hapo ulipo."

Wakazungumza hivyo hivyo kwa kupigiana kelele, mmoja mkavu, mmoja amerowa. Bi Mchanga akamwambia kwamba Fungu la Mama lilikufa kweli, ila siyo mwaka huu. Miaka tisa nyuma walikuja watu na baruti. Siku nne walilipua, samaki wakaelea matumbo juu, matumbawe yakawa kifusi. Wanawake wakakimbilia Baraza. Wakavu wakapanda ngazi, wakahesabu, wakapata mia nne na kumi na wawili. Wakaandika: nzima.

"Na mimi niliingia mle ukumbini," Bi Mchanga akasema. "Miaka saba wananidai ya ukavu, mimi sikuwa na siku saba. Nikasema nitajaribu hivyo hivyo, nikajifuta kwa taulo mpaka ngozi ikachubuka. Nikaanza kueleza, machozi yakanitoka. Askari akanigusa shavu kwa ile karatasi yake, akaitazama, akasema: maji ya chumvi, toka."

Kwa hiyo wanawake walilishika wenyewe. Walikusanya vipande vya matumbawe vilivyosalia na uhai, wakavifunga kwenye mawe kwa kamba ya katani, wakavirudisha. Wakapeana zamu za kulinda. Miaka tisa hakuna aliyetoa hata kaa mmoja pale katikati, na zipo nyumba zilizolala na mboga ya majani tu kwa ajili ya hilo. Na sasa lilipoinuka, ndipo linapozikwa.

"Nimezaa watoto watano," Bi Mchanga akasema, "na sijui kama yupo niliyemuuguza vile. Leo waje wamfukie yuko hai! Kwa sababu ya paa lao linalovuja!" Akaupiga uso wa maji kwa kiganja, maji yakaruka, Mize akarudi nyuma haraka yasimguse, na aliona haya sana kwa kurudi nyuma kule.

Usiku siwasimulii. Siku ya pili, kwenye nyumba ya wageni, aliletewa chakula cha Yabisi: muhogo wa kuchoma, biskuti, na chai, yaani majani makavu ya chai kwenye kisahani, unatafuna. Mize akatafuna huku anasoma Kitabu cha Sheria za Maziko, ukurasa kwa ukurasa, kwa chuki ya mtu anayetafuta ugomvi. Kwenye ukurasa wa thelathini na moja akaacha kutafuna. Akausoma mara tatu. Akacheka peke yake hadi mhudumu akaja kuuliza kama anaumwa.

Ijumaa akaingia ukumbini, akabandikwa karatasi, akaonekana mkavu. Makungu akamfungulia cheti na kumpa kalamu.

"Kabla sijatia saini," Mize akasema, "nauliza. Maiti ameoshwa?"

Mapanga boi yalizunguka. Makungu akaanza kupekua daftari lake.

"Kitabu chenu kinasema, ukurasa wa thelathini na moja: hazikwi maiti bila kuoshwa, akiwa mwanamke aoshwe na wanawake wa kwao, na Baraza lisimame mbele ya maiti mpaka waoshaji waseme wamemaliza. Huyu anaitwa Fungu la Mama. Sasa nataka kujua, nani kamuosha?"

"Mgeni," akasema mjumbe mmoja, "fungu lipo baharini. Limeoshwa tangu dunia iumbwe."

"Na mtu akifia kisimani huko kwenu? Mnamtoa mnamzika, kwa kuwa alikuwa majini?"

"Haiwezekani!" akaruka mjumbe mwingine. "Ni aibu hiyo!"

"Nami nasema hivyo hivyo."

Ikawa rabsha. Mmoja akasema Ukuta ndio maiti, uoshwe Ukuta. Akajibiwa kwamba ukioshwa Ukuta watakufa na waliosalia. Mmoja akasema waoshaji ni watu wa maji, hawasikilizwi. Mize akamwambia hakuna aliyewaita kutoa ushahidi, wameitwa kuosha, na kuosha kukavu hajapata kukuona. Bwana Kirumbi akakifungua Kitabu, akausoma ukurasa ule kwa kidole. Alikuwa mtu wa sheria kweli, na hapo ndipo Mize aliposhikilia tamaa yake yote.

"Mama hazikwi na janaba," akasema hatimaye. "Ataoshwa."

Jumamosi! Jua limetoka, bamvua imevuta maji hadi kule mbali, na bahari yote ya mbele imebaki mchanga na vidimbwi na mwamba unaong'aa. Wakavu kumi na mmoja walitembea juu ya mbao zilizotandikwa tangu ufukweni, wamevaa buti za mpira mpaka mapajani, kila mmoja na mwavuli wa kukinga rasharasha. Malori yalinguruma nyuma yao, madereva wanasubiri ishara. Mize alikuwa juu ya ubao wa mwisho, mkavu, na kamba yake amekuja nayo, ameitoa msumarini bila kuomba.

Wanawake ishirini na sita walikuwa tayari wameshafika. Mize akamrushia Bi Mchanga ncha ya kamba.

"Mtandikieni ubavuni," akasema. "Muosheni toka kichwani hadi miguuni. Na kila mkono wenu utakapogusa kitu, kitajeni kwa sauti. Karani aandike."

Wakainama. Wakaanza.

"Kiti cha pweza, huyu wa pembe tano, mwekundu, mmoja!"

"Pono, wawili, wamo kidimbwini hapa!"

"Tumbawe la pembe za paa, hai, upana wa sinia!"

"Hai," akarudia Makungu akiandika, kwa mazoea tu ya ukarani. Kisha akatazama alichokiandika.

"Tasi wadogo, weeengi, sijui niseme wangapi!"

"Hesabu, usiseme wengi!" Mize akamkaripia kutoka ubaoni.

"Arubaini na watatu! Na chewa mmoja, ananitazama kwa jicho baya!"

"Tumbawe la ubongo, hai!"

"Jongoo bahari, watano!"

"Hapa pamepauka, tumbawe kubwa, nusu yake imekufa!"

"Andika na hilo," Mize akasema. "Andika nusu. Hatuji kumsifu hapa, tunampima."

Sauti zikapandana. Nyingine ikianza huku, nyingine inaitika kule, wanawake wanacheka, wanabishana kama samaki huyu ni mkundaji au siye, na Makungu jasho linamtiririka kwenye daftari wala hajifuti. Wakavu walianza kunyoosha shingo. Yule kijana aliyepoteza kura alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa ubao, uso karibu uguse kidimbwi. Walivijua vitu hivi kwa majina, kila mmoja alivihesabu ukutani miaka nenda rudi. Hawakupata kuona kitu cha ukutani kikikimbia.

"Pweza!" akapiga ukelele Bi Mchanga. "Yumo pangoni, na mayai yake!"

Bwana Kirumbi akasogea. Labda alisahau ubao unaishia wapi. Buti lake likateleza, akaingia mzimamzima hadi kiunoni kwenye kidimbwi, mwavuli ukaruka, kilemba kikaelea.

Miaka hamsini na mmoja! Makungu alifumba macho. Mjumbe mwenye sauti kubwa kuliko wote akakohoa, akavuta pumzi, na ikaonekana wazi kwamba yeye ndiye anayefuata kwa ukavu, amri sasa ni yake, na kwamba analijua hilo. Akainua mkono kuelekea malori.

"Subiri!" Mize akasema. Hakuwahi kupaza sauti vile maishani mwake. "Shahidi mgeni ni mimi, na bado mkavu. Nipeni karatasi!"

Askari akambandika karatasi kiganjani. Kavu. Kipajini. Kavu. Mize akaichukua kalamu, akakifungua cheti cha maziko juu ya mgongo wa Makungu, na pale penye nafasi ya saini akaandika kwa herufi kubwa: HAJAFA. Akatia jina lake chini, Mize Kombo. Kisha akavua viatu, akaviweka ubaoni, akaruka majini kwa miguu yote miwili.

Vigelegele vyake, jamani! Wanawake ishirini na sita kwa pamoja, mpaka madereva wakazima injini wasikie kuna nini. Bi Mchanga alimkumbatia Mize akamrowesha kifua na mgongo, akalia waziwazi, machozi yakamtiririka na hakuna karatasi iliyomfuata. Yule mjumbe wa sauti kubwa aliushusha mkono wake. Yule kijana akashuka kidimbwini. Makungu akashuka na daftari limeinuliwa juu ya kichwa. Wakafuatana, wengine kwa kutambaa, wengine kwa kushikwa mkono, na kufikia saa nne Yabisi nzima haikuwa na Mkavu hata mmoja. Kwa sheria yao wenyewe, wote wakawa wahusika.

Na Bwana Kirumbi? Alikuwa hajatoka majini. Alikuwa ameinama, mikono imezama, anatazama samaki wadogo wa njano wakimpita katikati ya vidole. Alilamba mdomo wake uliopasuka, akakunja uso kwa chumvi, akaulamba tena.

"Mbona mmenyamaza?" akawaambia wanawake, kama mtu aliyekatiwa habari tamu. "Tumefika wangapi?"

"Mia tatu na nane," akasema Makungu, "na hatujafika nusu ya kamba."

"Endeleeni, basi!"

"Tutaendelea," akasema Bi Mchanga, na sauti yake ilikuwa ya mama aliyeona kitu sakafuni. "Lakini wewe, Bwana Mkubwa, ondoa mguu. Umemkanyaga mtoto."

Bwana Kirumbi akatazama chini. Chini ya ukingo wa buti lake palikuwa na tumbawe changa, kubwa kama kifungo cha shati, la zambarau.

"Huyo ana miaka miwili," akasema Bi Mchanga. "Nimemlinda mimi."

"Niwie radhi," akasema Mkavu Mkuu wa Yabisi. Akauinua mguu, akautafutia mahali kushoto, akautafutia kulia, mbele, nyuma. Kila alipotaka kuushusha palikuwa na kitu kinaishi. Basi akabaki hivyo hivyo, amesimama kwa mguu mmoja, anacheka, hadi wanawake wawili walipokuja kumshika.